Siagi Juu ya Zege

Jina la Mama Losheni lilitoka kwenye karai la Mwantumu. Mwantumu alikaanga maandazi karibu na soko la Dongobesh, na yeyote aliyesimama kungoja yake yaive alipewa na habari za mji, hizo zikiwa nyongeza. Siku alipomwona Fausta, mjane wa Lameck, amepiga magoti nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, anapitisha rola juu ya kipande cha zege mpaka kinameremeta kama kipara cha bwana harusi, aliuliza ile ni kazi gani. Akaambiwa ni sila: dawa ya maji maji inayopakwa juu ya zege lisinywe mvua wala oili ya gari, na ling'ae. Mwantumu akageuza maandazi mawili, akafikiri.

"Kwa hiyo ni losheni," alisema. "Watoto wetu wanaenda shule na magoti yamepauka, mawe ndiyo yanapakwa losheni."

Kufika jioni mji mzima ulikuwa na jina la kumwita, hata watu waliokuwa bado hawajui jina lake la ubatizo.

Fausta jina hilo halikumuuma. Tangu Lameck azikwe, miezi saba sasa, vitu vingi havikumuuma. Aliamka, akawasha moto, akaitikia salamu, akala alichopewa. Waliosema ana moyo mgumu walisema, na waliosema amerogwa nao walisema. Mwenyewe aliona ni kama mguu uliokaliwa vibaya. Uko pale, unauona, ukiugusa haujibu. Alingoja zile sindano zinazochoma mguu unapoanza kuamka. Hazikuja.

Nyumba yake hata hivyo haikuwa nyumba ya kunyamaza. Mama mkwe wake alikuwa amehamia hapo mwaka Glory alipozaliwa, akitokea Gehandu kwa ziara ya wiki mbili, na hakuondoka tena. Watu walimwita Bibi Gehandu kwa sababu kila habari yake ilianzia huko: ng'ombe wa Gehandu, mvua za Gehandu, wanaume wa Gehandu walivyokuwa warefu kabla ya kuanza kula wali. Majirani walikuja kumsikiliza, wakakaa, wakapikiwa. Glory, ambaye sasa alikuwa darasa la tano, alilala kitanda kimoja na bibi yake, na kila asubuhi kabla ya shule aliinamisha kichwa ili bibi ampake siagi kidogo utosini na kumtakia siku njema kwa lugha ya kwao. Shuleni walimcheka kwamba ananuka kibuyu. Hakujali.

Jambo lililokuwa linaizunguka nyumba hiyo ni Nikolausi, mdogo wake Lameck. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ng'ombe, alikuwa na mke asiyejaliwa mtoto wa kike, na alikuja mara tatu kutoka Gehandu, kila mara na galoni la maziwa, kusema lile lile kwa upole ule ule: mtoto wa kaka yake hawezi kulelewa na vibarua vya leo upo kesho haupo. Fausta alikuwa ameuza nyanya, akafua nguo za watu, akapalilia vitunguu. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema hivi. Kama ifikapo kufunga shule Fausta atakuwa na kazi kamili, kazi ambayo fundi mwenyewe atasimama na kusema huyu naye ni fundi, Glory atabaki Dongobesh asome. Kama hakuna, atakwenda kwa baba yake mdogo. Kufunga shule kulikuwa Ijumaa, na wazee wangekuja Jumapili yake.

*

Fundi aliyetakiwa kusimama na kusema ni Bashiri. Alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa Katesh, mnene mwenye sauti ndogo, aliyejifunza kazi Arusha kwenye mahoteli na kurudi nayo alipoona watu wa Mbulu na Dongobesh wameanza kujenga nyumba zenye geti na kumwaga zege kutoka getini hadi barazani ili gari lisikanyage tope. Alianza na wanafunzi watatu. Mmoja alishindwa na harufu. Wa pili aliacha akisema kungoja zege likauke si kazi ya mwanaume, ni kazi ya kuku anayeatamia. Akabaki Fausta.

"Kupaka kila mtu anaweza," Bashiri alimwambia siku ya kwanza. "Hata mbuzi ukimfunga rola mkiani atapaka. Kazi yetu ni kungoja. Zege ni kama mkwe. Kwa nje limekauka, kwa ndani lina maji yake. Usiliguse kabla hujalijua."

Basi Fausta alijifunza kungoja, na kwa hilo hakuwa na mshindani. Alijifunza kwamba zege jipya linaachwa mwezi mzima. Kwamba asubuhi za huku juu zina umande na ukungu, kwa hiyo rola haliguswi kabla ya saa nne, na likiguswa mapema sila inanasa unyevu na kugeuka nyeupe kama jicho la mgonjwa. Saa saba jua likiwa kali, unaacha, maana sila inachemka na kuota malengelenge. Jioni unabandika kipande cha nailoni juu ya zege kwa utepe wa gundi, asubuhi unakifunua: ukikuta jasho chini yake, unarudi nyumbani. Na kabla ya yote unadondosha maji. Maji yakinywewa, zege liko wazi, paka. Yakisimama kama shanga, kuna mafuta, na sila haishiki kwenye mafuta, hata uisomee dua.

Alijifunza kupaka nyembamba, koti mbili, yaani tabaka mbili nyembamba, badala ya moja nene, akirudi nyuma kutoka barazani kwenda getini asije akajifungia katikati kama mwizi aliyeingia dirishani akakosa pa kutokea. Bashiri alimtazama na kusema hajawahi kuona mtu mwenye mkono uliotulia vile. Hakujua kwamba haukuwa utulivu.

*

Kazi ya kwanza ya kufanya peke yake ilikuwa kwa Mwalimu Judith, mstaafu aliyefundisha nusu ya mji kusoma na kuichapa nusu nyingine. Mwanawe alikuwa amemnunulia gari dogo ambalo bado hajajua kuliendesha, na njia ya kulipitisha ilikuwa tayari: zege la hatua kumi na tano, safi, la miezi miwili. Bashiri alipeleka ndoo za sila Jumatatu, akasema yeye anakwenda Katesh, atarudi Jumamosi kutazama. Akikuta sawa, atatangaza.

Jumatano Fausta aliliosha zege kwa sabuni ya unga na brashi ngumu, akasuuza mara tatu. Jua liliwaka siku nzima. Jioni akadondosha maji kila mahali na kila mahali yakanywewa kama ng'ombe waliofika kisimani. Akabandika nailoni yake, akaenda nyumbani.

Bibi Gehandu alikuwa amengoja na swali lake tangu mchana. Alitaka kujua kama hiyo njia ya gari imeshabarikiwa. Kwao hakuna kitu kipya kilichokanyagwa hivi hivi, si nyumba, si zizi, si bibi harusi, bila maziwa na siagi kupita kwanza. Na hii ilikuwa kazi ya kumbakiza mjukuu wake. Fausta alikuwa anachambua mchicha. Alisikia swali kwa nusu, akajibu kwa nusu.

"Fundi hajasema, mama."

Bibi alilichukua jibu hilo na kuligeuza kama mtu anayekagua sarafu. Fundi hajasema. Basi hajakataza.

Yaliyofuata Fausta aliyajua baadaye, lakini afadhali yasemwe hapa mahali pake. Alhamisi alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala barabarani, Bibi Gehandu alijifunga shuka yake nzuri, akachukua kibuyu cha maziwa na bonge la siagi aliloliyeyusha kwenye kikombe, akaenda kubisha geti la Mwalimu Judith. Walisalimiana kwa kirefu. Mwalimu Judith ni Mkatoliki wa kuimba kwaya, lakini nani atamrudisha mama mzee aliyekuja na maziwa kukuombea? Akasimama barazani amefunga mikono. Bibi aliingia getini, akatembea polepole, kila hatua akinyunyiza, maziwa mkono huu, siagi mkono huu, akiomba kazi ya mkwewe ishike, ishike, isiachie. Alifika zaidi kidogo ya nusu ya njia, vyote vikaisha. Akashukuru, akaenda zake.

Mwalimu Judith akabaki anaitazama ile njia yenye madoa meupe. Aliona aibu fundi akute pamechafuka, na aliona aibu zaidi kumweleza kwa nini. Akachukua dekio na maji ya baridi, akafuta. Maziwa yakatoka. Siagi ikasambaa vizuri, ikaingia.

*

Fausta alifika saa nne. Nailoni alikuwa ameibandika karibu na baraza, akaifunua, kavu. Akadondosha maji pale pale karibu na baraza, yakanywewa. Getini hakupima. Jana yalinyweka, na tangu jana hapakuwa na mvua. Mwalimu Judith alimletea chai, akaonekana kama ana neno, kisha akasema tu kwamba kumepambazuka na baridi.

Sehemu ya kwanza ilikwenda kama maji mtoni. Zege lilikuwa linageuka kutoka rangi ya majivu kuwa rangi ya jiwe lililotoka mtoni sasa hivi, na mawingu yakaonekana ndani yake. Alipokaribia katikati, sila ikaanza kumkimbia. Ilifunguka vitundu vidogo vya mviringo, kimoja, vitano, ishirini, kama macho yanayofunguka usingizini. Alirudisha rola, yakafumba. Alipoondoa, yakafunguka. Mtu mwingine angesimama, angepiga simu Katesh, angepiga kelele. Fausta aliyafunika. Aliongeza sila, kisha akaongeza tena, kama unavyomfunika mtoto anayerusha shuka, mpaka yakaacha kufunguka kwa uzito wa dawa iliyorundikana. Saa saba alikuwa amefika getini. Akaosha rola kwa thina, akaenda nyumbani akala.

Jumamosi Bashiri alichuchumaa getini, akaweka ukucha, akavuta. Sila ikanyanyuka kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, kipande cha upana wa sahani. Akanusa chini yake. Akavuta kingine. Kuanzia getini kupanda juu, madoa yalikuwa yamepangika kwa kipimo cha hatua za mtu mfupi. Watu watatu waliokuwa wanapita barabarani walikuwa wamesimama kutazama, wa nne akamuuliza Fausta kama losheni imemkataa.

"Mafuta," Bashiri alisema. "Uliosha?"

"Niliosha."

"Ulipima?"

"Nilipima."

"Wapi?"

Akaonyesha baraza. Bashiri alitikisa kichwa bila hasira, na ingekuwa afadhali kwa hasira. Alisema mtu anayepima mahali pamoja ni kama anayeonja chumvi ya sufuria la jirani. Alisema atapunguza ujira, sila nayo ni mali, lakini hilo si neno. Neno ni kwamba hawezi kusimama mbele ya watu na kumwita fundi. Miezi mitatu zaidi, abebe ndoo, kisha wataona. Akapanda pikipiki.

Alipoondoka ndipo Mwalimu Judith alipomvuta Fausta jikoni na kumweleza yote, kibuyu, siagi, dekio, akiwa ameinamisha macho kama alivyowainamisha watoto wa watu kwa miaka thelathini. Akaomba radhi. Fausta akasema hakuna shida, mwalimu. Alisikia maneno hayo yakitoka, yakasikika ya adabu. Njiani alifikiri kwamba sasa inabidi akasirike. Alitembea mpaka nyumbani akingoja hasira ifike, akafika mlangoni bila hiyo.

*

Jumapili baada ya kanisa Nikolausi alikuja na wazee wawili wa ukoo na galoni la maziwa. Mwantumu naye alikuja, na maandazi ambayo hakuna aliyeagiza, akakaa karibu na mlango kwa kisingizio cha kungoja bakuli lake. Glory aliwaamkia wote, shikamoo baada ya shikamoo, akaambiwa akacheze nje, akaenda kusimama nyuma ya dirisha. Bibi Gehandu aliketi kwenye kigoda chake, miguu imenyooka, kimya. Kukaa kimya kwake kuliwashangaza hata wazee.

Walikula. Waliulizana mvua. Mzee mmoja alisifu maandazi akasema kule kwao maandazi yamekuwa madogo kama ahadi. Kisha Nikolausi akaweka kikombe chini. Alisema shemeji yake anajua anavyomheshimu. Alisema wamepita kwa Mwalimu Judith wakaona, na wamepigia simu fundi, na fundi ni mtu mkweli, amesema miezi mitatu. Haya mambo hayana ugomvi. Glory atapata maziwa, atapata shule ya Gehandu, na likizo atakuja kumsalimia mama yake. Nguo zake si nyingi, kesho gari la Katesh, la kumfikisha kwetu, linapita mapema.

Fausta alikuwa ameshika sinia. Kupitia dirishani aliona utosi wa Glory, pale penye siagi ya asubuhi pakimeta kidogo. Hakuna kilichotokea kifuani.

"Na wala hatukulaumu, shemeji," Nikolausi alimalizia. "Lakini tuseme ukweli. Zege halikimbii, halilii, haliugui. Kama kuliosha tu limekushinda, mtoto utamwezaje?"

Mzee wa pili alikohoa, akatazama pembeni. Mwantumu akaacha kutafuna.

"Zege niliosha," Fausta alisema. Aliisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Liliharibika kwa sababu mama alilimwagia siagi."

Kuna maneno ambayo kila mtu chumbani anajua uzito wake kasoro aliyeyasema. Baraka ya mzee ikileta hasara, kwa watu wa Nikolausi, hiyo ina jina lingine, uchawi, na hakuna anayelitamka mbele ya mzee mwenyewe. Nikolausi alisimama. Mkono wake ulikuwa umeshainuka nusu, hakuna aliyejua kwenda wapi.

"Kaa," Bibi Gehandu alisema.

Akakaa.

"Siagi ni yangu," Bibi alisema. "Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, huyu hakunituma. Nilimuuliza kama imebarikiwa, akasema fundi hajasema. Nikaenda." Alitazama viganja vyake kama vitu alivyookota. "Niliomba ishike."

Hakuna aliyemsaidia. Mzee wa kwanza alianza kusema kwamba mambo ya simenti ni mapya, nani angejua, hata yeye hajui. Bibi alimwacha amalize kwa heshima, kisha akaendelea kana kwamba mzee hakusema kitu.

"Kwa hiyo mkwe wangu habebi kosa langu. Anaweza kuosha, anaweza kulea. Glory abaki. Kesho kwenye gari hilo nitapanda mimi."

Nikolausi alisema mama, hakuna aliyekufukuza. Akamgeukia Fausta, na sasa upole wake ulikuwa umekwisha, akamwambia aseme kitu. Wote wakamgeukia. Fausta alijua maneno yenyewe, yalikuwa machache na ya kawaida: usiende mama, hapa ni kwako. Aliyatafuta kama mtu anayepapasa mfuko anaojua una tundu. Alifungua mdomo, akauliza nani anataka chai zaidi.

Jioni hiyo hiyo Mwantumu hakusimulia kitu kwa mtu yeyote. Hilo lilikuwa halijawahi kutokea, na watu wakalisimulia.

*

Gari la Katesh lilisimama saa moja na nusu asubuhi. Miaka kumi na moja ya Bibi Gehandu ilienea kwenye mfuko mmoja wa salfeti na kibuyu. Majirani waliokuwa wakila kwake walitoka kumsindikiza, wakaulizana kwa macho. Fausta alibeba mfuko, akaukabidhi kwa utingo, akamwomba ampe mama kiti cha mbele.

Glory alikuwa na sare za shule ingawa shule imefungwa, hakuna aliyejua kwa nini. Hakulia. Alisogea mbele ya bibi yake akainamisha kichwa kama kila asubuhi. Bibi aliinua mkono, ukafika hewani, akaurudisha ndani ya shuka.

"Leo hapana," alisema.

Mtoto alibaki ameinama, akidhani ni utani, mpaka mlango wa gari ulipofungwa. Ndipo Fausta akamshika bega akamnyoosha. Alihisi mfupa wa bega lile chini ya kiganja, mwembamba, wa moto. Kitu kikapita kifuani, mbali, kama pikipiki inayopita barabara ya pili. Kikapotea.

Mwalimu Judith alikuwa ameshampigia Bashiri. Bashiri alikuja mwenyewe nyumbani, akakataa kuketi, akauliza kwa nini hakumpigia simu Jumamosi hiyo hiyo. Bashiri akasema basi kosa ni nusu la Fausta na nusu la siagi, maana angepima getini angejua. Alitoa ndoo mbili za sila kwa gharama yake. Jumanne na Jumatano Fausta alipiga magoti. Alimwaga thina njia nzima, akakwangua kwa brashi ya waya, akaosha kwa sabuni, akamimina maji ya moto, akakwangua tena. Siagi ilikuwa imeingia ndani kuliko oili ya gari. Kila alipodhani imekwisha, maji yalisimama shanga mahali, akarudia. Ngozi ya vidole ikachubuka, aliiona damu kabla ya kusikia maumivu.

Alhamisi alipima mahali ishirini na saba. Pote yakanywewa. Alipaka kutoka barazani hadi getini, akangoja, akapaka koti ya pili, na hakuna jicho lililofunguka. Jumamosi Bashiri alikwangua kwa ukucha, kisha kwa ufunguo wa pikipiki, kisha akasimama katikati ya barabara, na kwa sauti yake ndogo akawaambia wapita njia kwamba huyu mama ni fundi, anayetaka aje. Wapita njia walikuwa wawili na mbwa, lakini ilikuwa imeshasemwa. Mwalimu Judith alipiga makofi peke yake barazani.

Simu iliita Fausta akiwa anakusanya ndoo. Ilikuwa namba ya Nikolausi. Alimsalimia kwa kifupi, akasema mama anataka kuongea, na Fausta akasikia simu ikibadilishwa mikono, na ng'ombe mahali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto?"

"Mzima. Yuko kwa Mwantumu."

Ng'ombe alilia huko.

"Imeshika?"

"Imeshika, mama."

"Siagi ikatoka."

Fausta alitazama njia nzima, hatua kumi na tano. Ilikuwa inang'aa moja kwa moja kutoka baraza hadi geti, mawingu yakipita ndani yake, bila doa, hata getini.

"Ilikuwa imeingia sana," alisema. "Kuna mahali imekataa kutoka. Hapa getini."

Ng'ombe alilia tena, karibu zaidi. Kisha Bibi akasema, taratibu, kama mtu anayeweka kitu mezani:

"Hapo waambie wasipakwangue."

"Nitawaambia, mama," Fausta alisema.